Umeitwa chuo kikuu na wewe uko Lamu: ya kumaliza kabla ya kuvuka Mokowe, na ya kufanya ukishafika

Kila mwaka, tangu matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yatoke Januari mpaka vyuo vipokee wanafunzi wapya Agosti na Septemba, saiba yangu, duka la intaneti na kujaza fomu, hapa mtaa wa Langoni haina nafasi. Wanakuja vijana wa mjini, wa Shela na Matondoni, na wengine wamengoja maji yajae kwenye mlango wa bahari wa Mkanda ndipo boti yao ya kutoka Faza au Kizingitini ipite. Kila mmoja ana bahasha mkononi, na wengi wana mzazi nyuma yao anayeuliza, "Sasa tunaanza na lipi?"

Jibu langu ni lile lile. Mtoto wa Nairobi akisahau cheti nyumbani hupanda matatu na jioni amekileta. Wewe ukikisahau ni basi, boti, nauli ya kwenda na kurudi, na siku mbili tatu za masomo zimekupita. Chombo hukalafatiwa kikiwa ufuoni. Hatua hizi nimezipanga hivyo: tano za kwanza ni za huku nyumbani, na mbili ni za huko uendako.

Hatua ya 1: Linganisha majina yako, herufi kwa herufi

Hii ndiyo hatua ninayoikalia muda mrefu kuliko zote, na ndiyo ambayo vijana hutaka kuiruka. Tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, karatasi ya matokeo ya KCSE, kitambulisho na barua ya chuo. Soma jina katika kila karatasi kwa sauti, herufi moja moja.

Majina yetu mengi ni ya asili ya Kiarabu, na kila karani huyaandika anavyoyasikia. Mohamed, Mohammed, Muhammad. Athman na Othman. Binti anaitwa Mwanaisha kwenye cheti cha kuzaliwa, lakini shuleni aliandikishwa Aisha kwa sababu ndivyo alivyoitwa madrasa. Jina la tatu nalo, karatasi moja ina la babu, nyingine ina la ukoo. Mtaani sote twajua ni mtu mmoja. Kompyuta haijui.

Mimi yalinipata. Nilifika chuo kimoja cha bara na kitambulisho chenye herufi moja zaidi ya cheti changu cha mtihani, nikaondolewa kwenye foleni niende nikalete uthibitisho. Nilirudi mpaka Lamu. Nilipofika tena chuoni vyumba vya hosteli vilikuwa vimekwisha, na majuma ya kwanza nililala sakafuni kwa mwanafunzi wa Matondoni ambaye sikuwa namjua kabla. Mungu amlipe kheri.

Jina la kufuata ni lile la KCSE. KUCCPS, shirika la serikali la kupangia wanafunzi vyuo, hupanga wanafunzi kwa kutumia rekodi za baraza la mitihani, na chuo hulipokea jina lako kutoka huko. Kwa hivyo, kama kitambulisho bado hujakiomba, kiombe kwa tahajia ile ile ya KCSE. Kama umekwisha kukipata na kinatofautiana, nenda kwa wakili au kamishna wa viapo ukaape hati ya kiapo inayosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Hati yenyewe itie kwenye faili, na utoe nakala tatu au nne. Laini ya simu na akaunti ya benki ziwe kwa jina na nambari ya kitambulisho chako mwenyewe. Usitumie laini ya kaka wala ya ami yako: fedha za mkopo hazitakufikia.

Hatua ya 2: Omba ufadhili na mkopo, na useme kweli kuhusu kipato

Tangu 2023 maombi ya ufadhili wa serikali na ya mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hufanywa pamoja, katika tovuti ya hef.co.ke. Kupangiwa chuo na KUCCPS hakukupi fedha peke yake. Kila mwaka napata kijana aliyeamini kwamba vyote viwili ni kitu kimoja, na anakuja kwangu muda umekwisha.

Uwe na nambari yako ya mtihani wa KCSE, kitambulisho, picha ndogo, nambari za vitambulisho vya wazazi, na wadhamini walio tayari kutoa vitambulisho vyao. Waombe wadhamini ana kwa ana, na uwaeleze wanachokikubali. Ikiwa mzazi amefariki, hati ya kifo inahitajika. Wengi wetu tumezika bila kuifuatilia, kwa hivyo anza nayo mapema kuliko yote.

Fomu itakuuliza hali ya nyumbani: kipato cha wazazi, ndugu wangapi wako shuleni, karo ya sekondari ililipwaje. Hapa nasimama na kila mtoto wa mvuvi. Ukimwuliza baba yako anapata kiasi gani kwa mwezi, atakutajia mwezi mzuri, kwa sababu baba hapendi kudogeka mbele ya mwanawe. Lakini mapato ya msimu wa upepo wa kaskazi si mapato ya msimu wa kusi. Kuna miezi bahari imechafuka na mashua zimepandishwa pwani. Kaeni pamoja mhesabu mwaka mzima, mzuri na mbaya, kisha mgawanye kwa kumi na mbili. Hiyo ndiyo kweli, na ndiyo itakayokuweka katika kundi la ufadhili linalokustahili. Usipunguze wala usiongeze.

Fahamu pia kwamba mkopo una sehemu mbili. Ya karo hupelekwa chuoni moja kwa moja, ya matumizi huja kwako, na haiji siku ile unayoripoti. Usiondoke Lamu ukiitegemea kwa chakula cha mwezi wa kwanza.

Hatua ya 3: Barua, fomu ya afya, SHA

Pakua barua ya kujiunga kwenye tovuti ya chuo chenyewe, pamoja na orodha ya karo na fomu zote. Lipa kwa akaunti iliyoandikwa humo tu. Anayekupigia simu akikuambia umtumie pesa akuwekee chumba, mkatie.

Fomu ya afya huhitaji vipimo na muhuri wa daktari. Huku kwetu hospitali ya King Fahd ndiyo wengi wanayoiendea, na wa Malindi wana hospitali yao ya serikali. Usiiache mpaka wiki ya safari. Kujisajili SHA, bima ya afya ya serikali, ni kwa *147# na hakuchukui muda.

Hatua ya 4: Basari, kabla kusi haijabana

Tazama kalenda. Vyuo hufunguliwa mwishoni mwa kusi, wakati nyumba ya mvuvi ina fedha kidogo kuliko wakati wowote wa mwaka. Matokeo nayo hutoka katikati ya kaskazi. Kwa hiyo anza kuweka fedha ya nauli na ya mwezi wa kwanza tangu Februari, hata kama barua ya chuo haijaja. Nimeona wazazi wakiuza mbuzi na dhahabu Agosti kwa bei ya kulilia, na miezi mitano nyuma kulikuwa na samaki.

Basari ya kaunti na ile ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, ni mifuko miwili, na fomu ni mbili. Zote hutaka barua ya kujiunga, orodha ya karo na kitambulisho cha mzazi, na mara nyingi sahihi ya chifu. Fedha huenda chuoni, haipiti mkononi mwako, kwa hiyo nambari yako ya kujiunga iandikwe sawasawa. Ukishafika, nenda ofisi ya fedha ukaulize kama imeingia kwenye hesabu yako. Hakuna atakayekuja kukwambia.

Hatua ya 5: Mzigo na njia

Ondoka siku mbili kabla ya tarehe ya kuripoti ikiwa unakwenda bara. Boti ya asubuhi mpaka Mokowe, basi kupitia Witu na Garsen mpaka Malindi na Mombasa, na kitambulisho kiwe mfukoni muda wote kwa ajili ya vizuizi vya polisi. Lala Mombasa kwa jamaa. Kutoka hapo kuna mabasi, na kuna treni ya Miritini mpaka Nairobi, ambayo tikiti yake hukatwa kwa kitambulisho.

Karatasi zote ziwe katika mkoba unaoubeba begani, kamwe si katika sanduku lililo chini ya basi. Zipige picha na ujitumie mwenyewe kwa baruapepe.

Nguo: Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Agosti bado ni baridi huko. Kikoi hakitatosha. Blanketi zito na sweta mbili, viatu vya kufunika, soksi. Ndoo na sufuria utazinunua huko huko. Mama akikufungashia kaimati, vileja na pilipili ya achari, vichukue vyote, kwani kula pamoja ndiyo njia ya haraka ya kujuana na wa chumba kimoja.

Wa Malindi wanaokwenda Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, wana safari ya kilomita kama 60 tu. Wao nawaomba jambo jingine: muhula wa kwanza msirudi nyumbani kila Ijumaa. Mwanafunzi anayelala kwao kila mwisho wa wiki hajui lolote linaloendelea chuoni.

Hatua ya 6: Siku ya kuripoti mpaka wiki ya pili

Fika asubuhi. Foleni ni ndefu na kila meza inataka nakala yake. Usitoke bila nambari ya usajili, risiti, na maelezo ya chumba chako. Ukikosa hosteli, tafuta chumba cha kupanga pamoja na mwenzako, mkione kwa macho, muulize maji na usalama wa njia usiku, na ndipo mtoe fedha.

Kisha lipo jambo linalowaangusha wengi kimyakimya: kusajili yuniti. Kuripoti ni kitu kimoja, kujisajili kwa kila somo la muhula kwenye tovuti ya wanafunzi ni kingine. Usiposajili, unaweza kuhudhuria mihadhara miezi yote, kisha jina lako lisiwe kwenye orodha ya mtihani. Sajili wiki ya kwanza, chapisha ukurasa unaoonyesha yuniti zako, uweke.

Mtafute kiongozi wa darasa siku hiyo hiyo akuingize kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu vyumba na saa za mihadhara hubadilishwa humo. Katika vyuo vingi vya Kenya majaribio ya muhula, zile CAT, hubeba alama 30 na mtihani wa mwisho 70. Kufaulu kwa kawaida huanzia 40, na daraja la A ni 70 kwenda juu. Kwa hiyo CAT ya wiki ya tano si mchezo, na haisubiri mtu azoee mji.

Mhadhara ni kwa Kiingereza, tena cha haraka. Vijana wetu wana akili na wana lugha, lakini wengi hunyamaza miezi mitatu kwa kuogopa kuchekwa lafudhi. Keti mbele. Andika maneno usiyoyajua pembeni. Ukiona huulizi darasani, mfuate mhadhiri ofisini saa alizotangaza, na umwulize swali moja. Na kundi lako la kusoma lisiwe la Wapwani watupu.

Ulizia mapema pa kuswalia na pa kula chakula cha halali. Jumuiya ya wanafunzi Waislamu ya chuo itakuonyesha vyote viwili, na huko utakutana na kaka na dada waliotangulia.

Hatua ya 7: Usifiche shida

Tumelelewa kujisitiri. Mtoto wa Lamu alale na njaa, ukimwuliza atasema ameshiba, alhamdulillahi. Nyumbani haya hii ni pambo, na jirani anakujua hata usiposema. Chuoni hakuna anayekujua. Ukinyamaza, kimya chako kinahesabiwa kuwa hali ni njema.

Naandika hili kwa uzito kwa sababu ya binti mmoja niliyemjazia fomu mwenyewe. Basari yake haikuingia, akaona aibu kusema, akajifungia chumbani wiki za mitihani, kisha akarudi Lamu akawaambia wazazi kwamba chuo kimefungwa. Ilipojulikana, mwaka ulikuwa umepotea. Ofisi ya mkuu wa wanafunzi (dean), anayesikiliza shida kama hizo, ilikuwa karibu kabisa na hosteli yake.

Kwa hiyo wiki ya kwanza, ukiwa bado huna shida yoyote, nenda uzione kwa macho ofisi tatu: ya mkuu wa wanafunzi, ya mshauri nasaha, na zahanati ya chuo. Ingia, salimia, uliza saa zao. Ukiwa umekwisha kuuvuka mlango ukiwa mzima, hautakuwa mzito siku ukiwa na dhiki. Na nyumbani chagua mtu mmoja, awe mama, shangazi au kaka, ambaye mmepatana kwamba yeye utamwambia hali ilivyo.

Ukiona kozi haikufai kabisa, KUCCPS hufungua muda wa kuomba uhamisho. Fuatilia tarehe badala ya kuacha kuhudhuria.

Na ikiwa fedha haikupatikana kabisa, usikae tu nyumbani mpaka nafasi ipotee. Andika barua kwa msajili wa masomo kuomba kuahirisha, eleza sababu, ambatisha barua ya kujiunga, na usitulie mpaka upate jibu la maandishi. Nafasi yako itangoja kwa muda utakaokubaliwa. Kama hujui pa kuanzia barua hiyo, njoo Langoni baada ya Alasiri, saiba ikiwa imetulia. Tutakaa tuiandike pamoja, na kwa barua hiyo sitozi.