Kabla mgongo haujaamka: maandalizi ya mwenye pingili zilizosagika

Maumivu ya shingo na mgongo yanayotokana na kusagika kwa pingili (mifupa midogo ya uti wa mgongo) yana tabia ya kutulia wiki kadhaa, kisha yakaamka, mara nyingi asubuhi ya siku yenye kazi nyingi. Aliyebanwa na mgongo hachagui vizuri. Atameza chochote atakachopewa dukani, au atalala kitandani wiki nzima. Panga mambo haya sasa, ukiwa bado unainama na kuinuka bila taabu.

Mitaani husemwa mgongo "umeisha mafuta". Kinachotokea hasa ni kwamba gegedu, tabaka laini linalofunika viungo vidogo vya nyuma ya pingili, hulika, diski (mito iliyo kati ya pingili) hupungua kimo, na mwili huotesha vinundu vya mfupa pembeni. Misuli nayo hukaza kukilinda kiungo, na huko kukaza ni sehemu kubwa ya maumivu. Picha za eksirei za watu wengi waliovuka miaka 50 huonyesha mabadiliko hayo hata kwa wasioumwa kabisa, kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu ya picha. La kushika ni hili: gegedu halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, na ute huo husukumwa na mwendo. Kulala siku moja au mbili kunavumilika, lakini ukizidisha, misuli hulegea na viungo hukakamaa.

Anza na maji, maana ndiyo yanayowaangusha wengi. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20, na ukiinyanyua mbali na mwili, kiuno hubeba mara kadhaa ya uzito huo. Tafuta madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, na hata hayo yajazwe nusu siku mbaya. Pipa la akiba liwe na koki na likae juu ya matofali, ili ukinge bila kuinama, na lijazwe kabla ya siku za mgao kwa msaada wa mtu mwingine. Kujitwisha ndoo kichwani kuachwe kabisa kama shingo ndiyo inayouma. Beseni la kufulia liwe juu ya meza inayofika kiunoni. Kufua huku umeinama saa nzima ni kuuomba mgongo ugome. Fagio la chelewa lifungwe kwenye mti mrefu, na jiko la mkaa liinuliwe juu ya kitu imara kisichoshika moto. Nazi nunua iliyokunwa kwa mashine sokoni, kwa sababu mbuzi hukukunja mgongo na shingo kwa wakati mmoja.

Dawa nazo zipangwe kwa maandishi. Paracetamol ya miligramu 500 kwa mtu mzima: vidonge viwili, upishe muda wa saa sita kabla ya vingine, visizidi vinane kwa saa 24, mwenye ini bovu, mnywaji wa pombe au mwenye uzito chini ya kilo 50 aulize kipimo kidogo zaidi. Vidonge vingi vya mafua na vile vya mchanganyiko tayari vina paracetamol ndani, na hapo ndipo watu huzidisha bila kujua. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu: usizimeze pamoja, na uzitumie baada ya kula, kwa siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa moyo au figo asiziguse kabla ya kumwona daktari. Choo kikiwa cheusi kama lami, acha na uende hospitali. Sindano ya kuchomwa dukani tunaipinga waziwazi: ikichomwa mahali pasipofaa hujeruhi mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu au huacha jipu. Jihadhari pia na dawa ya "mitishamba" inayoondoa maumivu yote siku moja, kisha uso ukavimba. Huenda imechanganywa na steroidi, dawa kali ya kushusha uvimbe. Kama umeitumia muda mrefu usiikatishe ghafla. Ipeleke kwa daktari pamoja na chupa yake.

Kwenye kinyozi, sema mapema kwamba shingo isizungushwe wala kukunjwa ghafla hadi ilie. Mzunguko wa ghafla unaweza kuchana mshipa wa damu unaopita ndani ya pingili za shingo kuelekea ubongoni.

Jizoeze wakati wa nafuu. Lala chali, kunja magoti, bana kiuno kishike godoro, hesabu hadi tano, rudia mara 10. Kwa shingo, keti wima, vuta kidevu nyuma bila kutazama chini, hesabu hivyohivyo. Tembea dakika 10 alfajiri kabla jua halijakali na 10 jioni, ukiongeza kidogo kila wiki. Maumivu yakizidi na kubaki hadi kesho yake, punguza nusu, usiache. Kitambaa kilichokamuliwa maji ya moto kikae panapouma dakika 15 hadi 20. Mwenye kisukari na ganzi apimiwe joto na mtu mwingine, maana anaweza kuungua asijue.

Safari ya kliniki pia hutayarishwa. Mwenye bima aulize kabla kama anahitaji barua ya rufaa. Kwa Dar es Salaam, wengi huanzia hospitali kama Amana, Temeke au Mwananyamala kabla ya kufika MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Beba picha za zamani na dawa zote, na uandike maumivu yanaanzia wapi, yanashuka hadi wapi, na kama kuinama mbele kunayapunguza. Kwenye daladala epuka kiti cha nyuma kabisa, kwani ndicho kinachorusha zaidi kwenye matuta. Bodaboda ipumzishe mpaka mgongo utulie.

Mwisho, watu wa nyumbani wazijue dalili zisizosubiri kupambazuke: mkojo au haja kubwa kushindwa kuzuilika, mkojo kugoma kutoka, ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, mguu kukosa nguvu ghafla, au maumivu makali baada ya kuanguka. Vidole vinavyoshindwa vifungo vya shati pamoja na kuyumba ukitembea huashiria mshipa mkuu wa fahamu ulio ndani ya uti wa mgongo umebanwa shingoni, navyo havisubiri mwezi ujao. Homa, jasho la usiku na kukonda vinahitaji kupimwa mapema, maana TB hushambulia pingili pia. Nauli ya bajaji ya usiku itengwe, na namba ya jirani mwenye gari iandikwe ukutani.