Jinsi ya kusoma rekodi za gofu ya vyuo Marekani bila kupigwa changa la macho

Watu wakitaka kujua nani mkali wa muda wote kwenye gofu ya wanaume ya vyuo vya Marekani wanafungua listi ya mabingwa wa NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani), wanahesabu majina, wamemaliza. Listi yenyewe haina shida ila ukiisoma kichwakichwa itakudanganya, manake ubingwa unaitwa jina lile lile miaka yote wakati namna ya kuupata imebadilika.

Kwa hiyo kabla ya jina cheki mwaka. Mashindano yalianza 1897, NCAA wenyewe wamekuja kuyachukua 1939, na mpaka 1964 bingwa alipatikana kwa mechi za ana kwa ana, unamtoa huyu unakutana na yule mpaka fainali. Kuanzia 1965 ndo wakahamia kwenye kuhesabu mikwaju, yaani mara ngapi umepiga mpira, mwenye michache anabeba. Sasa Jack Nicklaus wa Ohio State alichukua 1961, kombe lake lilitokana na kufunga watu mmoja mmoja, kwa hiyo ukianza kutafuta jumla ya mikwaju yake uilinganishe na ya vijana wa leo unajichosha bure.

Ukishagawa hivyo, nenda kwa walioshinda zaidi ya mara moja. Juu kabisa wako wawili tu, kila mmoja mara tatu: Ben Crenshaw wa Texas (1971, 1972, 1973) na Phil Mickelson wa Arizona State (1989, 1990, 1992). Hapo kwa Crenshaw usishtuke, 1972 utaona majina mawili, yeye na Tom Kite ambao walikuwa chuo kimoja, siyo kosa la uchapaji, walifungana na wote wakapewa ubingwa. Siku hizi hakuna kugawana, mkifungana mnarudi uwanjani. 2022 pale Grayhawk, Arizona, wanne walimaliza na mikwaju 280 na Gordon Sargent wa Vanderbilt, dogo wa mwaka wa kwanza, akawamaliza wenzake kwenye shimo la kwanza tu la nyongeza.

Ishu ya mikwaju nayo usiichukue kavukavu. Tiger Woods akiwa Stanford 1996 alipiga 69, 67, 69 halafu siku ya mwisho 80, ndio themanini, na bado akashinda kwa tofauti ya mikwaju minne! Ukiiangalia ile 80 peke yake utasema huyu kaboronga, kumbe alishajiwekea pengo kwenye raundi tatu za mwanzo. Ndo maana mi naangalia vitu viwili kwanza, yuko juu au chini ya pa (idadi ya mikwaju iliyopangwa kwa uwanja) kwa mikwaju mingapi na kamwacha wa pili kwa mingapi, jumla inakuja baadaye sana. Na uliza ni mashimo mangapi, manake mashindano mengi ya vyuo ndani ya msimu ni mashimo 54 wakati fainali za NCAA bingwa binafsi anapatikana baada ya 72, hizo namba mbili haziwekwi kwenye mzani mmoja.

Kingine, tenganisha mtu na timu. Tangu 2009 baada ya bingwa binafsi kupatikana, timu nane bora zinaingia kwenye mechi za ana kwa ana kutafuta bingwa wa timu, kwa hiyo mtu anaweza kuwa bingwa afu chuo chake kikawa kimeshatolewa kitambo, au asiwe na timu kabisa pale fainali kwa sababu kuna nafasi chache za watu wanaofuzu peke yao kutoka kanda. Hata kabla ya hapo ilikuwa inatokea, 1996 Tiger kabeba lake lakini kombe la timu likaenda Arizona State. 1990 Mickelson na timu yake walibeba yote mawili.

Kwenye rekodi za msimu na za maisha yote chuoni ndo watu wanachanganya sana. Msimu unaanza mwishoni mwa mwaka na kuisha katikati ya unaofuata, kwa hiyo 1995-96 ni msimu mmoja, usimpe mtu mataji ya mwaka wa kalenda. Afu gawa kwa miaka aliyokaa: Mickelson ana mataji 16 ya mashindano mbalimbali ya vyuo pale Arizona State, Jon Rahm anamfuata na 11, na wote wawili walimaliza miaka minne, hapo ulinganisho una maana. Tiger alikaa misimu miwili tu akaondoka, ukimweka kwenye listi ya jumla unamwonea. Na hakikisha ni divisheni gani, manake ya pili na ya tatu zina mabingwa wao na wote wanaitwa mabingwa wa NCAA.

Tuzo za mchezaji bora wa chuo kama Haskins na Ben Hogan ziweke pembeni, hizo wanachagua watu.

Ukinilazimisha nichague kipimo kimoja cha ubabe nachukua hiki: nani alishinda NCAA na US Amateur (ubingwa wa Marekani wa wachezaji wa ridhaa) mwaka mmoja. NCAA siku hizi inapima mikwaju (enzi za Nicklaus ilikuwa bado ana kwa ana), US Amateur inaishia kwenye ana kwa ana, kwa hiyo sasa lazima uwe mzuri kote. Wapo watano tu: Nicklaus 1961, Mickelson 1990, Woods 1996, Ryan Moore wa UNLV 2004 na Bryson DeChambeau wa SMU 2015.

Ukiona mahali bingwa wa NCAA anaenda Masters (moja ya mashindano makubwa manne ya gofu duniani, yanachezwa Augusta) moja kwa moja, ni kweli ila ni kitu kipya, kilitangazwa 2023, na lazima abaki mchezaji wa ridhaa. Fred Biondi wa Florida alishinda mwaka huo huo akaamua kwenda kulipwa, nafasi ikapotea. Hiroshi Tai wa Georgia Tech, bingwa wa 2024, alibaki chuo na 2025 akacheza Augusta.