Nenda Maktaba ya Mkoa na Swali Lako: Maelekezo kwa Wenzangu wa Soko la Samaki la Mwaloni

Nimeanika dagaa miaka 19, na karibu miaka yote hiyo nilikuwa nikipita nje ya maktaba ya mkoa hapa Mwanza nikiamini ni ya wanafunzi. Hakuna aliyewahi kunifukuza. Nawaandikia nyinyi mlioishia darasa la saba kama mimi, kwa sababu nyumba ile ni yetu pia. Sheria ya kuanzisha huduma za maktaba za taifa ilipitishwa mwaka 1963, miaka kama miwili tu baada ya uhuru, na wakati ule watu wazima wengi hawakuwa hata wamejua kusoma. Haikutungwa kwa ajili ya watoto wa shule peke yao.

Siku ya kwenda tunayo sisi kuliko mtu yeyote. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala nchi kavu, vichanja vya kuanikia viko vitupu. Basi nenda siku hizo, tena asubuhi. Mitihani ya kidato cha nne ikikaribia vijana hujaza viti mapema, na ukichelewa utasoma umesimama. Oga, badili kitenge, chukua daftari na kalamu. Usibebe kapu, maana mizigo huachwa mlangoni. Pesa na simu viwe kwenye pochi ndogo utakayoingia nayo.

Sasa jambo ambalo ningependa mlishike kuliko yote: usihangaike kutafuta jina la kitabu. Utalijuaje, na hujakiona? Nenda na swali. Liandike kabisa kabla hujatoka nyumbani. Langu lilikuwa hili: nifanyeje dagaa wasiniozee mvua ikinyesha siku tatu mfululizo? Mkutubi, binti wa umri wa mwanangu, aliniamkia, "Shikamoo mama," nikaitika marahaba, nikampa karatasi. Aliisoma, akaniuliza: "Mama, unataka habari za kuvua, za kufuga, au za kuhifadhi?" Sikuwa nimefikiri kwamba hayo ni mambo matatu. Kumbe ni rafu tatu: uvuvi uko 639.2, ufugaji wa samaki 639.3, na kuhifadhi samaki kama chakula kuko mbali kabisa, 664.94.

Namba hizo ziko mgongoni mwa kila kitabu. Ni mpangilio wa Mmarekani Melvil Dewey, wa mwaka 1876, unaogawa maarifa yote mafungu kumi. Penye nukta ndipo watu wanapopotea, nami nilipotea hapo. Baada ya nukta usisome kama hesabu ya magunia, soma tarakimu moja moja. 639.31 inakaa kabla ya 639.4, ingawa jicho linakwambia 31 ni kubwa kuliko 4. Ukishaelewa hilo utatembea mwenyewe. Ukikuta kitabu chako, tazama na majirani zake kushoto na kulia, maana vinazungumzia jambo hilohilo. Changu nilikipata hivyo, hakikuwa kile nilichoelekezwa.

Ukimaliza kusoma usikirudishe rafuni kwa kukisia. Kiache mezani, wenyewe watakipanga. Kitabu kilichowekwa pasipo pake ni kama kimepotea, hata kama kimo humohumo ndani. Na usiloweshe kidole kwa mate kufunua kurasa, hasa za magazeti ya zamani.

Nilinakili kurasa nne siku ile. Nikajifunza kwa nini dagaa wa kwenye mchanga huchelewa kukauka: hewa inapita juu tu, chini unyevu umebaki. Kwenye kichanja inapita pande zote mbili, na mchanga hauingii. Nilijenga viwili kwa miti na nyavu kuukuu. Mvua ikianza navuta turubai juu yake, siwazoi tena kutoka chini huku matone yananipiga mgongoni.

Swali lako likishajibiwa, usiondoke upesi. Kaa karibu na wazee wanaosoma magazeti. Mmoja wao ndiye aliyenieleza habari za Aniceti Kitereza wa Ukerewe, hapo ng'ambo tu. Alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Miaka 35! Ulizia fasihi ya Kiswahili, 896.392. Nimemsoma taratibu, siku mbili tatu kila mwezi mpevu, na mle ndani nimekutana na maneno ambayo bibi yangu alikuwa akiyasema.

Kukaa na kusoma ni jambo moja, kuazima ni jingine. Ukitaka kwenda na kitabu nyumbani utaandikishwa uanachama, kwa hiyo beba kitambulisho na picha ndogo za pasipoti, na uulize mezani ada ya wakati huo. Kitabu usikiweke chumba kimoja na magunia. Changu nakifunga kwenye mfuko wa nailoni, nakiweka juu ya kabati, na tarehe ya kurudisha naiandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo, chini ya hesabu ya ndoo, mahali ambapo lazima niione kila asubuhi.