Baiskeli ya umeme ya kwendea kazini: piga hesabu kabla hujatoa hela

Wateja wengi wanaokuja kijiweni kwangu hapa Dar huanza kuuliza mota ina wati ngapi. Mimi nawauliza, "Bosi, ofisi yenu iko ghorofa ya ngapi?" Nitarudi hapo.

Hatua ya 1: Pima njia. Mwenge hadi Posta ni kama kilomita 11, kwenda na kurudi 22. Kama kazini kwako ni kilomita tatu au nne tu, tena tambarare, chukua baiskeli ya kawaida.

Hatua ya 2: Soma betri. Zidisha volti kwa Ah (ampea-saa, imeandikwa kwenye betri), upate Wh (wati-saa), yaani umeme wote uliomo. Betri ya volti 36 yenye Ah 10 ina Wh 360. Ukiwa unakanyaga pedali kidogo, kilomita moja hula kama Wh 12, kwa hiyo utapata kilomita 30. Usipokanyaga, ukiwa na mzigo au upepo wa mbele, hesabu 20. Ukinunua iliyotumika, usiridhike kuona mita inasoma volti 42, ambazo ndizo chaji kamili ya betri ya volti 36. Hata betri iliyochoka husoma hivyo ikitoka kwenye chaja, ila ukipanda kilima tu, volti zinaporomoka na mota inakata. Ipeleke mlimani kabla ya kulipa.

Hatua ya 3: Hesabu yenyewe. Umeme usikuumize kichwa. Uniti moja ni Wh 1,000, kwa hiyo kilomita 22 ni kama uniti 0.3, na uniti ikiwa shilingi 350 hivi, hapo ni kama shilingi 100 kwa siku. Kinachokula hela ni betri. Tuseme mpya ni laki sita, na inavumilia chaji kamili 500 kabla haijachoka. Hizo ni kilomita 15,000, yaani shilingi 40 kwa kilomita, 880 kwa siku. Jumlisha umeme, unakaribia 1,000, na bei ya baiskeli hatujaigusa. Anayepanda daladala moja, tuseme kwa 600 kwenda na 600 kurudi, hataokoa kitu, hata muuzaji aseme nini. Anayeunganisha magari mawili, anayepanda bodaboda kila siku au anayetia petroli kwenye gari, huyo tuzungumze. Labda pia yule aliyechoka kukaa kwenye foleni, maana muda nao ni wake.

Hatua ya 4: Italala wapi? Nyingi zina uzito wa kilo 20 hadi 25. Ngazi za ghorofa ya tatu, kila asubuhi, na shati la kazini! Tafuta yenye betri ya kuchomoka, na umuulize mwenye jengo kama anaruhusu kuchaji. Mvua ya kawaida haina neno, ila dimbwi linalofika kwenye mota usiliingie. Jangwani ikijaa maji, zunguka.

Hatua ya 5: Izime. Azima ya mtu, zima mota, kanyaga kilomita mbili. Siku chaji ikiishia pale Morocco, njiani kurudi, hilo ndilo dude utakalolikanyaga mpaka Mwenge.