Printa ya ofisi imegoma? Iulize seva kwanza (CUPS kwa komandi)

Printa ya netiweki ikigoma watu wanakimbilia kuzima na kuwasha, ikikataa wanazima na seva yenyewe, na hilo halisaidii kitu kwa sababu CUPS, programu inayosimamia printa kwenye seva ya Linux, inatunza foleni kwenye diski, pale /var/spool/cups, kwa hiyo seva ikirudi kazi zote zinakusubiri, pamoja na zile ambazo watu walizituma mara tatu kwa hasira. Naomba sana uanze kwa kuuliza. Hapa nachukulia seva yako ni Ubuntu au Debian na unaingia kwa ssh, yaani unaandika komandi za seva ukiwa kwenye kompyuta nyingine.

lpstat -t

Hiyo moja inakupa karibu yote: huduma inafanya kazi au la, printa zipi zipo, zimeelekezwa anwani gani, na foleni ina nini. Sasa soma vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Printa kwenye CUPS ina hali mbili tofauti. Kuna kupokea kazi (accepting) na kuna kuchapa (enabled). Inaweza kupokea bila kuchapa, yaani watu wanatuma, kompyuta zao zinasema poa, ila karatasi haitoki na foleni inazidi kuwa ndefu. Ukiona "disabled since" basi tatizo ndo hilo (uhasibu hapa ni jina la printa, weka la kwako):

sudo cupsenable uhasibu

Na kama imekataa kupokea:

sudo cupsaccept uhasibu

Kwa nini inajizima yenyewe? Mara nyingi seva ilijaribu kuifikia printa ikashindwa, labda umeme ulikatika au waya wa netiweki ulichomoka, na kama imepangwa hivyo CUPS ikishindwa inasimamisha foleni mpaka mtu aje aifungue. Kwa ofisi isiyo na fundi wa kudumu mi naona huo mpangilio unatesa watu bure, ubadilishe iwe inajaribu tena yenyewe:

sudo lpadmin -p uhasibu -o printer-error-policy=retry-job

Sababu nyingine ni anwani. Printa inapewa IP na ruta, umeme ukikatika ukirudi inapewa nyingine, seva bado inagonga mlango wa zamani. Ingia kwenye ruta uifungie printa IP moja ya kudumu, hapo utakuwa umemaliza.

Kuongeza printa mpya: kwanza "lpinfo -v" uone seva inaona nini, halafu kama printa ni ya miaka ya karibuni na inakubali kuchapa toka kwenye simu bila draiva, huhitaji draiva hata kwenye seva:

sudo lpadmin -p uhasibu -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere

Hiyo 192.168.1.50 ni mfano, weka IP ya printa yako. Angalia hiyo -E ilipokaa. Ikiwa baada ya -p inamaanisha washa printa na ipokee kazi, ikiwa kabla ya -p inamaanisha kitu kingine kabisa, usimbaji wa mawasiliano na seva, na printa yako itabaki imelala huku wewe unajua umeiwasha. Printa za zamani tumia socket://192.168.1.50:9100 na utafute draiva yake kwa "lpinfo -m", ukiongeza grep (komandi ya kuchuja mistari) na jina la kampuni maana orodha ni ndefu mno.

Ili kompyuta nyingine ziione:

sudo cupsctl --share-printers
sudo lpadmin -p uhasibu -o printer-is-shared=true

Kama ufw (ngome ya seva, yaani firewall) inafanya kazi fungua poti 631 ya CUPS kwa netiweki ya ndani tu, tafadhali usiiachie intaneti nzima.

sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 631 proto tcp

Kazi za kila siku ni rahisi. "lpstat -o" inaonyesha foleni, "cancel uhasibu-142" inafuta kazi moja, "cancel -a uhasibu" inafuta zote za printa hiyo kwa hiyo waulize watu kwanza. Bosi ana barua ya haraka? "lp -i uhasibu-143 -q 100" inaipandisha mbele, kawaida kila kazi ina 50. Tona ikiisha katikati ya siku usifute kazi za watu, funga mlango kwa maelezo kisha hamishia kazi printa nyingine (hapa inaitwa mapokezi):

sudo cupsreject -r "Tona imeisha" uhasibu
sudo lpmove uhasibu mapokezi

Ikiwa yote yako sawa na bado haichapi, nenda kwenye logi, faili ambamo CUPS inaandika kila inachofanya. Iongezee maelezo, tuma ukurasa mmoja wa majaribio, isome inavyokuja:

sudo cupsctl --debug-logging
sudo tail -f /var/log/cups/error_log

Tafuta namba ya kazi yako, imeandikwa [Job 144], sababu huwa iko mistari michache kabla kazi haijasimama. Ukishaipata rudisha kama ilivyokuwa, logi za namna hii zinajaa haraka:

sudo cupsctl --no-debug-logging