Jinsi ya kuzuia hela ya nyumbani isiishie Kariakoo

Jamani mi nilikuwa najua tatizo langu ni mshahara mdogo, mpaka siku nimefungua kabati nikakuta blenda mbili, moja hata boksi haijatoka, niliinunua Kariakoo kisa tu jamaa kapiga kelele bei ya kufungia duka. Nikakaa chini na daftari nikapitia meseji za miamala ya mwezi mzima kwenye simu. Na wewe anzia hapo, bajeti baadaye. Andika ulizotuma, za lipa namba, ulizotoa kwa wakala, na makato usiyaruke maana ukitoa hela kidogo kidogo mara nne kwa wiki hayo makato ni hela ya nyanya kabisa. Kuna vitu vitakutia aibu, kwangu chipsi na soda vilikuwa vimeupita mchele.

Siku mshahara umeingia, kodi itoke kwanza. Wenye nyumba wengi Dar wanataka miezi 3 au 6 kwa mkupuo, ukipanga kwa laki moja kwa mwezi ile miezi 6 ni laki sita, huipati mwezi wa mwisho hata ufanyeje, kwa hiyo kila mwezi laki yake unaiweka pembeni. Halafu LUKU, gesi, mchele, unga, maharage, sabuni, vyote siku hiyo hiyo. Mafuta ya kupima yanadanganya, unatoa hela ndogo unajiona umebana, hebu jumlisha vipimo vya mwezi mzima ulinganishe na dumu la lita 5 utaniambia. Ila dumu likiwepo mkono nao unakuwa mwepesi wa kumimina, hilo mjipange. Nyanya na mboga endelea na genge, ukijaza zitaoza.

Hela ya mboga iwe keshi kwenye kopo, ya wiki moja moja. Ikibaki kwenye simu itageuka bando.

Kingine kibubu, kile cha mbao kisichofunguka mpaka ukivunje. Watu wanakicheka ila mi nidhamu sina, nimeshakubali, dawa yangu ni hela ikae mbali na mkono.

Kariakoo nenda umekula, na orodha, na keshi ya orodha pamoja na nauli basi. Nguo za Insta usiulize bei siku hiyo hiyo, andika nyuma ya daftari kitu na tarehe, kaa siku tatu. Mi nyingi nikirudi kusoma hata sikumbuki nilizipendea nini. Na ile mikopo ya kwenye simu usiiguse kwa ajili ya kiatu, hela ikiingia tu wanakata chao kabla hujaiona.

Sasa pagumu ni michango. Kadi ya harusi, kitchen party, sare, msiba, na grupu la kamati wanataja majina ya ambao hawajalipa. Huwezi kukataa zote, utazikwa na nani? Weka fungu la michango kila mwezi kama unavyoweka la kodi, likiisha unamwambia mwenyekiti mapema, "shoga mwezi huu nimebanwa, nitakuja kusaidia kupika," usiahidi elfu hamsini ukaanza kujificha. Sare mi nilishaacha, navaa gauni langu lile lile la kijani.