Simamisha huduma kabla ya kupandisha toleo

Unapojiandaa kupandisha toleo la programu ya kuunganisha data kwenye seva pepe (seva ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi), usitegemee snapshoti ya seva hiyo, yaani nakala ya hali yake ya wakati fulani, peke yake, kwa kuwa mara nyingi hifadhidata inayotunza ratiba, miunganisho na maelezo ya kazi zote iko kwenye seva nyingine kabisa. Subiri kazi zinazoendelea zimalizike, simamisha huduma, kisha chukua snapshoti pamoja na nakala rudufu ya hifadhidata kabla ya kuwasha chochote. Toleo jipya likikwama, ukirejesha snapshoti bila hifadhidata, programu ya zamani itakuta majedwali yaliyokwisha kubadilishwa na huenda ikakataa kuwaka. Toleo jipya likithibitika, futa snapshoti (hili husahaulika mno), maana faili lake huendelea kukua na linaweza kujaza diski.